Maji ya Kilindini, Mwani na Daftari la Kaboni

  

Leo tuna mwani. Najua wengi mkisikia mwani mnafikiria bei ya kilo, na mna haki. Naomba bei tuiweke pembeni kidogo. Nataka kwanza tuzungumze juu ya wazo linalojaribiwa katika nchi kadhaa, na ambalo siku moja linaweza kubisha hodi katika vijiji vyetu. Wazo lenyewe ni hili: kuyavuta maji baridi yaliyo chini baharini, kuyapandisha juu, na kuyamwaga kwenye mashamba ya mwani. Mwani ukipata maji hayo utakua haraka, na kadiri unavyokua utanyonya hewa ukaa nyingi zaidi, ile inayoipasha dunia joto. Hivyo mkulima anapata mavuno, na bahari ya pwani inahifadhi kaboni.

Ni wazo zuri kulisikia. Je, ni kweli? Nitawaomba twende pamoja kwa mambo matatu. Kwanza, kwa nini mtu ahangaike kuyapandisha maji. Pili, nani ameshajaribu, na yaliwafika yapi. Tatu, na hili ndilo kubwa: kaboni hiyo inabaki baharini kweli, au inapita tu?

Tuanze na la kwanza, na tuanzie shambani kwenyewe.

Nenda Paje, nenda Jambiani, vuka uende Pemba, au panda mpaka Kibuyuni kule Kwale, wakati wa bamvua, maji yakiwa yametoka. Utamkuta mama ameinama, maji yanamfika magotini. Mbele yake kuna kamba iliyokazwa baina ya vigingi viwili vilivyopigwa mchangani. Kwenye kamba hiyo zimefungwa kamba ndogo ndogo, taitai, na kila taitai imeshika kipande cha mbegu kinachoenea kiganjani. Mama anakwenda kipande kwa kipande, anakaza kilicholegea, anang'oa uchafu uliojishika, anafunga kingine pale palipokatika. Baada ya wiki sita hivi, Mungu akijaalia, kile kipande cha kiganja kitakuwa cha kubeba kwa mikono miwili.

Kilimo hiki cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, baada ya miaka mingi ya utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakulima wake wengi mno ni wanawake. Watoto wamesomeshwa kwa mwani. Nyumba zimeezekwa bati kwa mwani. Mnalijua hilo kuliko mimi.

Na mnajua pia kilichotokea kwa kotonii. Aina mbili zililetwa, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, na kotonii ndiyo iliyoanza kufa. Mkulima anateremka asubuhi, anakuta tawi lililokuwa zito na lenye rangi limegeuka jeupe katikati. Akiligusa, ni laini. Mkondo ukipita, linakatika, na sehemu yote iliyo mbele ya ule weupe inachukuliwa na maji. Haya ndiyo maradhi yanayoitwa aisi-aisi, na chanzo chake kikubwa ni mwani kutaabika. Unataabishwa na nini? Na joto, kwa sehemu kubwa. Maji yanayobaki kwenye kina kifupi wakati wa kupwa, jua likiwa utosini, huweza kupita nyuzi joto 35. Mtafiti wetu wa Zanzibar, Dk. Flower Msuya, amelisemea jambo hili kwa miaka mingi, na akahimiza mashamba yasogezwe kwenye maji ya kina zaidi, mwani ukipandwa ndani ya nyavu za mrija ili usikatwe na mawimbi.

Sasa shikeni jambo hili: mwani wetu una shida mbili. Una joto, na una njaa. Joto tumeliona. Njaa inatoka wapi?

Inatoka kwenye namna bahari ya nchi za joto ilivyojipanga. Jua linapasha maji ya juu. Maji ya joto ni mepesi, yanabaki juu. Maji baridi ni mazito, yanabaki chini. Tabaka hizi mbili hazichanganyiki kwa urahisi. Chakula cha mimea ya baharini, naitrojeni na fosforasi, hutumika huku juu ambako kuna mwanga. Kila kinachokufa huku juu huzama, kikafika chini, kikaoza, na chakula kile kikabaki huko gizani. Kwa hiyo juu kuna mwanga na hakuna chakula, chini kuna chakula na hakuna mwanga. Ndiyo maana maji yetu ni mazuri kuyatazama, ya buluu, unaona mpaka chini. Uangavu huo ndio njaa yenyewe: hamna viumbe vingi ndani yake vya kuyatia ukungu.

Lakini si kila mahali. Zipo pwani ambako Mwenyezi Mungu ameweka upepo wa kuifanya kazi hiyo. Upepo wa kusi, huu huu tunaoujua sisi, ukifika pwani ya Somalia unavuma kwa nguvu na kuyasukuma maji ya juu yaende mbali na ufuo. Yakiondoka hayo, maji baridi ya chini yanapanda kuchukua nafasi. Ndivyo inavyokuwa pia Oman, katika pwani ya Dhofar, upande wa Salalah na Mirbat. Ndugu zetu walioko huko wanayafahamu majira ya harifu, ukungu unashuka na milima inakuwa ya kijani. Chini ya bahari nako kunabadilika. Maji yanapoa, chakula kinapanda, na miamba ya Dhofar inafunikwa na misitu ya mwani mkubwa wa kahawia, katika bahari ambayo miezi mingine ni ya joto kabisa. Harifu ikiisha, maji yakapata joto tena, sehemu kubwa ya mwani ule inakufa na kung'oka.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza tunalo. Kwa nini mtu ahangaike kuyapandisha maji? Kwa sababu maji ya kilindini ni baridi na yana chakula, na mwani unakosa vyote viwili. Pale ambapo upepo haufanyi kazi hiyo, watu wamejiuliza: je, bomba linaweza?

Hapo tumeingia kwenye jambo la pili. Nani amejaribu?

Wamarekani walijaribu zamani. Katika miaka ya 1970, dunia ilipopata shida ya mafuta, mtafiti aliyeitwa Howard Wilcox alikuja na mpango wa kulima mwani mkubwa katika bahari wazi, uvunwe na ugeuzwe gesi ya kupikia na kuendesha mitambo. Mwaka 1978, nje ya pwani ya kusini mwa California, shamba la majaribio lilitiwa baharini, na bomba refu la kuvuta maji kutoka mamia ya mita chini. Maji yalipanda. Lakini dhoruba zikaja, zikaung'oa mwani na kuutawanya. Bahari ya wazi haikulihurumia shamba lile.

Mwaka 2008, katika bahari ya Hawaii, wanasayansi walishusha mabomba yanayoendeshwa na mawimbi. Ubunifu wake ni wa kupendeza: boya linapanda na kushuka na wimbi, ndani ya bomba mna mlango unaofunguka upande mmoja tu, basi kila wimbi linapandisha maji kidogo, bila mafuta, bila umeme. Bomba lilifika mita 300 chini. Na kweli maji baridi yalifika juu. Lakini kwa muda gani? Haikutimia hata siku nzima, vifaa vikachanika.

Mnaona, wasikilizaji? Mara zote mbili maji yalipanda. Elimu ya kuyapandisha ipo. Kilichoshindikana ni kudumu.

Waliopiga hatua nzuri zaidi ni Wachina, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hawa hawakwenda bahari ya wazi. Walikwenda kwenye ghuba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Zhejiang walichagua Ghuba ya Aoshan, karibu na mji wa Qingdao, mahali ambapo watu tayari wanalima mwani wa majani marefu, ule ambao Wajapani huuita kombu. Wakajenga jukwaa lenye paneli za sola. Umeme unaopatikana unaendesha kompresa. Kompresa inasukuma hewa kupitia mpira mpaka karibu na sakafu ya bahari. Pale chini hewa inatoka kwa viputo, viputo vinakimbilia juu, na vinapokimbia vinayakokota maji ya chini pamoja navyo. Hakuna bomba la mamia ya mita, kwa sababu ghuba haina kina hicho. Chakula kilichokuwa kimelala karibu na matope kinapandishwa mpaka kwenye kamba za mwani, wakati ule ambao maji ya juu yameishiwa na chakula. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2020: mwani uliokuwa karibu na mtambo ulikua zaidi kuliko uliokuwa mbali nao.

Lakini hata hapo pana ufundi. Maji yaliyopandishwa ni baridi, na maji baridi ni mazito. Ukiyafikisha juu na kuyaachia hivi hivi, yanashuka tena, yanarudi yalikotoka kabla mwani haujala. Kwa hiyo mtambo lazima uyachanganye na maji ya juu kwa kipimo, yakae kwenye kina kile kile ambacho kamba zimening'inia. Kuyapandisha ni nusu ya kazi. Kuyazuia yasirudi ni nusu ya pili.

Na Ufilipino, kule ambako mbegu zetu zilitoka, taasisi ya Climate Foundation, iliyoanzishwa na Mmarekani Brian Von Herzen, imekuwa ikijaribu kumwagilia mwani wa jamii ya kotonii kwa maji ya kina, lengo likiwa kuuvusha kwenye miezi ya joto kali. Hao wana shida ile ile tuliyo nayo sisi. Ndiyo maana nasema jambo hili halituhusu kwa mbali.

Haya, tumefika kwenye jambo la tatu, lile kubwa. Kaboni inabaki?

Hapa nitatumia methali moja tu, na nitaomba muikumbuke: mali bila daftari hupotea bila habari. Kaboni nayo ni mali siku hizi. Inauzwa, inanunuliwa, watu wanatia saini mikataba. Basi ina daftari, na daftari lina kurasa mbili: kilichoingia na kilichotoka.

Ukurasa wa kilichoingia ni mwepesi kuusoma. Mwani ni mmea wa baharini. Kwa mwanga wa jua unaichukua kaboni iliyomo majini, unaifanya kuwa mwili wake. Maji yakipungukiwa na kaboni, yanavuta nyingine kutoka angani, taratibu, siku baada ya siku. Hivyo mwani ukikua, hewa ukaa inapungua. Mpaka hapo hakuna mgogoro.

Twende ukurasa wa pili. Mwani wetu tunaufanya nini? Tunauvuna. Tunauanika. Tunauuza. Unasafirishwa, unasagwa, unatolewa ule uteute unaogandisha vitu, karajinani, unaingia kwenye dawa ya meno, kwenye aiskrimu, kwenye maziwa ya kopo. Mtu anakula, anapumua, na kaboni ile ile inarudi hewani. Pengine haijapita miezi michache. Kwa hiyo mavuno, ndugu zangu, si hifadhi. Gunia la mwani lililouzwa haliwezi kuuzwa mara ya pili kwa jina la kaboni iliyohifadhiwa. Narudia, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotezwa: gunia lililouzwa si kaboni iliyohifadhiwa.

Basi hifadhi iko wapi? Iko kwenye kile ambacho hakifiki gunia. Vipande vinavyokatika na kuzama. Uteute unaoyeyuka majini na ambao sehemu yake haiozi upesi. Vumbi la mwani linalotua kwenye matope chini ya shamba na kufunikwa. Mwaka 2016, watafiti wawili, Dorte Krause-Jensen na Carlos Duarte, walikadiria kwamba mwani wa porini duniani kote unafungia takribani tani milioni 173 za kaboni kila mwaka, na sehemu kubwa ya hiyo ni ile inayochukuliwa na mikondo mpaka kilindini, ambako itakaa miaka mingi sana. Huo ni mwani wa porini. Kwa mashamba, watafiti wamechimba matope chini ya mashamba 20 katika nchi mbalimbali, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yanaonyesha kwamba kaboni huzikwa pale kwa kasi kubwa kuliko kwenye matope ya jirani yasiyo na shamba. Kwa hiyo hifadhi ipo. Ila ni sehemu ndogo ya mwani wote uliokua, na inategemea sana mahali: kwenye matope tulivu kinachotua kinakaa, na penye mchanga na mkondo mkali, kinachotua leo kesho hakipo.

Sasa turudi kwenye maji tuliyoyapandisha. Nikisema maji ya kilindini yana chakula kingi kwa sababu kila kinachozama huoza huko, je, mnafikiri ni chakula peke yake kilichobaki huko? Fikirini kidogo. Kinachooza kinatoa nini?

Kinatoa hewa ukaa. Ndiyo, wasikilizaji. Maji yale yale yenye naitrojeni yana kaboni pia, nyingi kuliko ya maji ya juu. Ukiyapandisha, umepandisha vyote viwili. Na maji yenye kaboni nyingi yakifika juu, yakapata joto, yataitoa hewani. Kwa hiyo yeyote anayepandisha maji ya kilindini anaanza kazi akiwa na deni. Mwenye duka akihesabu mauzo ya siku bila kukumbuka bidhaa alizochukua kwa mkopo, atalala akijiona tajiri. Mradi wa kaboni unaohesabu mwani uliokua bila kuhesabu kaboni iliyopanda na maji, ndivyo unavyojidanganya.

Je, deni hilo linalipika? Hapa kuna habari njema, na ndiyo inayoufanya mwani uwe tofauti na vijimea vidogo vinavyoelea baharini. Vijimea vile, kwa kila kiasi cha naitrojeni vinachokula, huchukua kaboni karibu sawa na ile iliyopanda na maji hayo hayo. Vinaingia sifuri, vinatoka sifuri. Mwani ni mchapakazi zaidi. Kwa naitrojeni ile ile, mwani kwa wastani hujenga kaboni zaidi ya mara mbili ya vijimea. Hapo ndipo faida inapoweza kupatikana: deni linalipwa na kinabaki kidogo. Lakini tahadhari nayo ipo. Mwani ukishibishwa sana naitrojeni, unaiweka nyingi mwilini, na ile faida inapungua. Tena bahari haijazwi mwani pekee. Vijimea navyo vitagombania chakula hicho. Kwa hiyo faida haiji yenyewe kwa sababu tu bomba limewekwa. Inapimwa.

Na mwaka 2007, wanasayansi wawili wa Uingereza, James Lovelock na Chris Rapley, walipopendekeza bahari kuu zijazwe mabomba ya namna hii ili kuiponya dunia, wenzao walilichukua wazo hilo wakaliingiza kwenye hesabu za kompyuta. Jibu lililochapishwa mwaka 2010 lilitia shaka: faida ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa, na ukishaanza huwezi kuacha kwa salama, kwa sababu mabomba yakisimama joto lililofichwa chini linarudi. Kwa shamba dogo la ghubani hatari hiyo haipo. Lakini kwa anayekuja na ahadi ya kuiponya dunia kwa mabomba, jibu hilo asomewe.

Sasa tuje nyumbani. Hapa kwetu jambo hili lingekaaje?

Upande wa mashariki wa Unguja, mashamba yako kwenye kina kifupi, nyuma ya mwamba. Hapo hakuna kilindi cha kuvuta. Kilindi kipo, kwa mfano, kwenye mlango wa bahari baina ya Pemba na bara, ambako kina kinafika mamia ya mita si mbali na ufuo. Huko maji baridi yapo karibu. Lakini shamba la huko halilimwi kwa kuteremka kwa miguu maji yakitoka. Linahitaji maboya, nanga, boti na mashine. Linahitaji mtu anayejua kuogelea. Na nani mwenye boti katika vijiji vyetu? Mama wa mwani anazo? Mnalijua jibu. Tukilihamisha shamba kwenda kwenye kina bila kumhamisha mama pamoja nalo, tutakuwa tumeuokoa mwani na kumpoteza mkulima wake. Ndiyo maana mafunzo ya kuogelea na vyombo vinavyomilikiwa na vikundi vya wanawake ni vya kwanza, kabla ya bomba lolote.

Na upande wa matumbawe? Maji ya kilindini yana tindikali zaidi na hewa ya oksijeni kidogo kuliko ya juu. Yakimwagwa karibu na miamba ambako wavuvi wanapata changu na tasi, lazima mtu apime kabla na apime baada.

Wengine watasema, mbona Gazi wanauza kaboni? Kweli. Mradi wa Mikoko Pamoja, kule Gazi, Kwale, ulioanza mwaka 2013, umekuwa ukiuza kaboni ya mikoko, na fedha zake zimeingia kwenye maji ya kijiji na shule. Ni mfano wa kujivunia pwani nzima. Lakini angalieni kinachouzwa pale. Mkoko umesimama. Utarudi mwaka kesho na utepe wako, utapima unene wa shina lile lile, na utachimba tope chini ya mizizi ile ile. Mwani wa wiki sita hausimami ukusubiri. Kinachouzwa lazima kitafutwe kwenye matope na kwenye mkondo, kwa vyombo na kwa subira. Hesabu yake inawezekana, ila ni ngumu, na anayesema ni rahisi hajaifanya.

Hata sheria za dunia bado zinasuasua hapa. Mwaka 2013, nchi za Itifaki ya London, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi wa bahari, zilipitisha marekebisho juu ya kuirutubisha bahari kwa makusudi, na zikaacha nje kilimo cha kawaida cha baharini. Basi bomba lile lile likilisha shamba la mama ni kilimo, na likiwekwa kwa ajili ya kubadili hali ya hewa linakuwa jambo jingine. Nia ya mradi ina uzito, na nia hiyo iandikwe kwenye mkataba kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Msimamo wangu ni huu, na nausema wazi. Kuyapandisha maji kujaribiwe. Joto linaongezeka, kotonii inakufa, na kukaa tukitazama si uamuzi. Lakini kujaribiwe kwa ajili ya mwani kwanza: mradi mdogo, wa karibu, chini ya macho ya watafiti wetu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari na wenzao wa Kenya, na wanawake wa mwani wakiwa wenye mali. Mkulima akivuna kotonii mwezi ambao jirani yake amevuna weupe, mradi umeshajilipa, hata kama hakuna gramu moja ya kaboni iliyouzwa. Kaboni ije baadaye, ikishapimwa, ikishatolewa deni lake. Ikipatikana ziada, ni ya kijiji.

Kwa hiyo siku mgeni atakapofika na michoro yake mizuri, mkaribisheni, mpeni kiti na kahawa, kisha mumuulize maswali matatu.

La kwanza: maji yako unayatoa kina gani, na kaboni iliyomo ndani yake umeitoa kwenye hesabu?

La pili: mwani tukishauvuna na kuuuza, hiyo kaboni unayosema imebaki, imebaki wapi, nani ameipima, na itakaa miaka mingapi?

La tatu: bomba ni la nani, boti ni ya nani, na dhoruba ikilikata, gharama ni ya nani?

Akiyajibu yote matatu mbele ya mkutano wa kijiji, na majibu yakaandikwa, kaeni naye chini mzungumze. Likimshinda hata moja, mwambieni akalifanyie kazi kwanza. Wenye vikundi vya mwani, yaandikeni maswali haya kwenye daftari la kikundi, muyasome kwenye kikao chenu kijacho, na mtutumie yenu mliyoyaongeza. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutayasoma hapa hapa redioni na tutakuwa na mtaalamu wa kuyajibu.